Kisanduku cha wafadhili hakiguswi

Kwenye mapokezi ya ofisi moja hapa Dodoma, ambayo sitaitaja, kuna kisanduku cheupe kimetundikwa ukutani kati ya picha ya Rais na kalenda ya mwaka juzi. Kina mlango wa kioo, alama ya moyo wenye radi katikati, na kufuli dogo la shaba la aina ile tuliyokuwa tukifungia matranka ya shule ya bweni. Nilikuwa nasubiri barua yangu igongwe muhuri, foleni haisogei, nikamwuliza mama wa mapokezi kile ni kitu gani.

"Kile? Kile cha wafadhili, mwanangu. Hakiguswi."

"Kina kazi gani, mama?"

"Nadhani ni mashine ya presha." Akaongeza kwamba ufunguo anao afisa utumishi, na afisa utumishi kasafiri, yuko Morogoro.

Nikasogea kuchungulia. Kwenye kidirisha kidogo cha mashine yenyewe, mahali panapotakiwa kuonyesha alama ya kijani, palikuwa na alama nyekundu. Tarehe ya mwisho ya matumizi ya pedi zake ilisomeka vizuri tu kupitia kioo: ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Simlaumu yule mama. Hakuna aliyemweleza, na ningeulizwa mimi siku ile nisingejibu vizuri kumzidi. Tangu hapo nimekuwa nikiwasumbua wauguzi na mafundi wa vifaa tiba ninaofahamiana nao, na nilichokusanya ndicho hiki.

Ile ni difibrileta ya kiotomatiki. Hospitalini wanaiita AED kwa kifupi. Kwa Kiswahili cha kueleweka ni mashine ya kushtua moyo. Yako mashirika ya hisani, Ulaya na Marekani hasa, ambayo kazi yake kubwa ni kuchangisha fedha za kununua mashine hizi na kuzigawa shuleni, viwanjani, kwenye nyumba za ibada. Mengi yalianzishwa na familia zilizofiwa ghafla na kijana aliyekuwa mzima asubuhi ileile. Uingereza wamefika mahali vibanda vyekundu vya simu, vilivyokosa kazi baada ya simu za mkononi kuenea, vinageuzwa kuwa kabati za mashine hizi. Wapo pia wanaopeleka msaada nchi za mbali, kontena moja likibeba mashine, viti vya magurudumu, miwani na magodoro ya wagonjwa.

Ili kujua msaada huo unafaa nini hapa kwetu, lazima kwanza tufungue fundo moja la lugha.

"Amekufa kwa presha"

Mtu akianguka sokoni Majengo na kufariki, jioni msibani utasikia: presha. Neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu tofauti.

La kwanza ni shinikizo la juu la damu lenyewe. Hilo huharibu mishipa polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu yoyote, na dawa yake ni vidonge vya kila siku na kupunguza chumvi. La pili ni mshtuko wa moyo: mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba, na sehemu ya msuli inakosa damu. Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida bado anaongea. Anashika kifua, anatoka jasho, pengine maumivu yanapanda hadi kwenye taya au mkono wa kushoto. Huyu ni wa kukimbizwa hospitali, na wakati huo mashine ya kushtua haina la kumfanyia. La tatu ni moyo kusimama. Mtu anaanguka, haitiki, hapumui kama kawaida. Hapo ndipo mashine inapohusika.

Mambo haya huzaana. Presha isiyotibiwa huandaa njia ya mshtuko wa moyo, na mshtuko wa moyo unaweza, dakika yoyote, kuufanya moyo usimame. Lakini moyo husimama pia kwa sababu nyingine kabisa: hitilafu ya kuzaliwa nayo, pigo la umeme, kuzama maji, kupoteza damu nyingi. Watoto mara nyingi huanzia kwenye kukosa pumzi. Kwa hiyo mashine hii haikuundwa kwa ajili ya kila anayeanguka, na mwenye kuileta asiseme hivyo.

Hata neno "kusimama" lenyewe lina ujanja wake. Mara nyingi moyo unaosimama ghafla kwa mtu mzima unakuwa haujatulia kwanza. Unatetemeka. Sisi wa Dodoma tuna mfano wa karibu. Fikiria ukumbi wa Bunge, wabunge wote wamewasha vipaza sauti na wanaongea kwa pamoja. Kelele ipo, nguvu zinatumika, ila hakuna hoja inayopita. Ndivyo nyuzi za msuli wa moyo zinavyofanya: kila moja inajikunja kwa wakati wake, na damu haisukumwi hata tone. Mashine ikipitisha umeme kifuani ni kama fundi mitambo kuzima vipaza sauti vyote kwa mpigo. Ukumbi unanyamaza. Halafu, mambo yakienda vizuri, kifundo kidogo kilichoko chumba cha juu kulia cha moyo, ambacho tangu tumboni mwa mama ndicho kilichokuwa kikitoa mwendo, kinashika kiti chake tena na kumpa nafasi mmoja mmoja.

Sasa fikiria ukumbi mtupu, watu wameshaondoka. Ukizima vipaza sauti hapo umezima nini? Huo ni ule mstari ulionyooka tunaouona kwenye tamthilia, daktari anapiga shoti na mgonjwa anafumbua macho. Uongo mtupu. Moyo uliolala kabisa haushtuliwi kwa umeme. Unabonyezwa kifuani na kupewa dawa. Mashine yenyewe inajua tofauti. Inasoma mapigo kupitia pedi mbili zilizobandikwa kifuani, na isipokuta ule mtetemeko, au mbio za kupindukia zinazofanana nao, haitoi umeme hata ukibonyeza kitufe mara mia. Ndiyo maana inaweza kuachwa mikononi mwa dereva wa bajaji au mwalimu wa chekechea. Na ndiyo maana kuifungia kufuli ni kichekesho.

Dakika

Umeme wa kutuliza moyo si jambo la jana. Mwaka 1899 watafiti wawili wa Geneva, Prevost na Batelli, waliona kwa mbwa kwamba umeme unaoutetemesha moyo unaweza pia kuutuliza. Mwaka 1947 Claude Beck, daktari wa upasuaji huko Cleveland, Marekani, aliuokoa moyo wa mvulana wa miaka 14 kwa kuugusisha umeme moja kwa moja, kifua kikiwa wazi mezani. Mwaka 1965 Frank Pantridge wa Belfast aliipakia mashine ndani ya gari la wagonjwa. Ilitumia betri za gari na uzito wake ulikuwa kama kilo 70, sawasawa na mtu mzima. Ya leo ina uzito wa kilo moja hadi tatu.

Kilichomsukuma Pantridge kuitoa mashine wodini ni hesabu ambayo haijabadilika. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: dakika kumi, karibu hakuna kilichobaki. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 uliwafuatilia watu walioanguka kwenye kumbi za kamari Marekani, ambako walinzi walikuwa wamefundishwa na kamera ziliona kila anayeanguka. Walioshtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Uingereza nzima, pamoja na vibanda vyake vyekundu, anayepona baada ya moyo kusimama nje ya hospitali ni chini ya mmoja kwa kumi. Mashine ni zilezile. Kilichowasaidia wacheza kamari ni kwamba aliyeanguka alionekana papo hapo, na mlinzi aliyejua la kufanya alikuwa hatua chache tu kutoka alipo.

Wapenzi wa soka wanayo picha hii kichwani. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, hakuamka. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Wenzake walimzunguka kumsitiri, kifua kikabonyezwa, mashine ikaletwa. Mwaka uliofuata alikuwa anacheza Ligi Kuu ya England. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 2013, FIFA iligawa mkoba wa dharura wenye mashine hii kwa vyama wanachama wake wote. Mkoba mmoja kwa chama, yaani kwa nchi. Ni mwanzo, lakini mechi ya Dodoma Jiji pale Jamhuri na fainali ya ndondo kule Kikuyu haziwezi kusubiri mkoba mmoja.

Rudi kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 katika Jiji la Dodoma, na jiji limetanuka kwenda Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, Nala. Mtu akianguka stendi kuu ya mabasi Nzuguni, bajaji ikienda mbio hadi hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa haipungui robo saa, na hapo hujahesabu dakika za kupigiana kelele nani ambebe. Kwa ile hesabu ya dakika, huyo kashakwenda. Hospitali nzuri iliyoko kilomita nane haimsaidii mtu mwenye dakika tano. Nasema hivi bila kuikosea heshima Benjamin Mkapa, ambayo ni hospitali ya rufaa inayotegemewa na kanda nzima ya kati.

Na zile dakika za mwanzo tunazitumiaje? Nimewahi kuona, na wewe umewahi. Mtu anaanguka, mwili unakakamaa na kutikisika kidogo, kwa sababu ubongo umekatiwa damu ghafla. Mtu anasema kifafa, msimguse. Mwingine anasema mapepo. Mwenye ndoo anamwagia maji. Kisha aliyeanguka anaanza kuvuta pumzi ya ajabu, kama anakoroma, kwa vipindi vya mbalimbali, na watu wanapumua: afadhali, yu hai. Ile si pumzi, ni ubongo unaaga. Ukiona mtu haitiki na anakoroma hivyo, piga magoti, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza kwa uzito wa mabega hadi kifua kizame sentimita tano au sita, kisha kiache kirudi. Karibu mara mbili kwa sekunde. Usiache kubonyeza isipokuwa mashine ikikuambia msiguse. Ikishamaliza kutoa umeme, rudi kubonyeza hapohapo, bila kungoja kuona kama kaamka.

Kuna jambo moja vitabu vya wenzetu hulitaja kwa aibu na sisi tuliseme wazi. Pedi hubandikwa kwenye ngozi tupu, moja chini ya bega la kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Aliyeanguka akiwa mwanamke, wanaume watasita, na utafiti wa Marekani ulishaonyesha kwamba hata huko wanawake hubonyezwa vifua mara chache kuliko wanaume wanapoanguka hadharani. Hapa kwetu ufumbuzi uko mabegani mwa kina mama: khanga mbili, watu wanne, zizi la nguo limesimama ndani ya sekunde kumi. Tunavyofanya mama akijifungulia njiani, tufanye hivyohivyo.

Kinachokuja ndani ya boksi, na kisichokuja

Mashine mpya huuzwa nje kwa kati ya dola 1,000 na 2,500 za Marekani, yaani hapa utaongelea milioni tatu hadi sita kabla ya usafiri. Ni fedha nyingi, na ndiyo sehemu rahisi. Pedi zina jeli inayokauka. Nyingi hudumu miaka miwili hadi mitano, na zikishabandikwa mara moja ni za kutupa. Betri ya kawaida hukaa miaka minne au mitano ikisubiri tu. Jozi ya pedi inakwenda dola 50 hadi 100, na huwezi kuchukua za kampuni moja ukachomeka kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mfadhili akileta mashine kumi za aina saba tofauti, zilizokuwa zimetumika shule saba za kwao, amekuachia matatizo saba ya vipuri.

Halafu lugha. Mashine huongea: vua nguo, bandika pedi, msimguse mgonjwa, bonyeza kitufe. Uzuri wake wote uko hapo. Inapoongea Kijerumani pale Soko Kuu la Job Ndugai, inakuwa redio. Hata Kiingereza, mtu akiwa na kiwewe, hakimsaidii kila mmoja. Swali la kwanza kwa mfadhili liwe hili: inaongea nini? Kama Kiswahili hakimo, basi maelekezo ya picha na maneno yetu yabandikwe ndani ya kifuniko, na mafunzo yafanyike kwa sauti ileile itakayosikika siku ya tukio.

Hali ya hewa ya Ugogo nayo ina maoni yake. Nyingi ya mashine hizi zimetengenezwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 50. Ndani ya ofisi sawa. Ndani ya kontena la bati Oktoba, au kwenye gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, sikubaliani. Vumbi la Agosti nalo mnalijua.

Vifaa tiba vinavyoingia nchini, vya msaada vikiwemo, hupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mashirika madogo mara nyingi hushtukia jambo hili shehena ikiwa imeshafika bandarini. Wengine hulalamika kwamba ni urasimu. Mimi nadhani ni haki yao kuulizwa. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi zenye kipato kidogo wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa mwaka huohuo, na kiini chake hakihitaji shahada: anayepokea aulizwe anachohitaji kabla, na matengenezo yapangwe kabla.

Kwa hiyo shirika linaposema limegawa mashine ishirini, mimi siku hizi nauliza ni mashine ngapi zina alama ya kijani leo, na nani amezitazama wiki hii. Msaada wa kitu hiki ni wa miaka mitano au si msaada.

Yuko atakayesema, na ana hoja: kwa nini mashine ya milioni nne, wakati zahanati ya kijijini Chamwino au Bahi inaweza kuwa haina hata kipimo cha presha kinachofanya kazi? Kwa kijiji kile namkubalia moja kwa moja. Moyo ukishtuliwa ukarudi, mtu huyo anahitaji oksijeni, gari na wodi; pasipo hivyo umemrudisha kwa saa moja. Hapo fedha ya hisani iende kwenye vidonge vya presha, vipimo vya kisukari, bima ya kaya isiyojiweza. Mfano mzuri tunao nyumbani: mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, kwa mpira wa kusukumia hewa na barakoa yake, vitu vya bei ndogo. Matokeo kutoka hospitali nane za Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimeshuka kwa asilimia 47. Kifaa kilikuwa cha kawaida kabisa. Wakunga ndio waliorudia mazoezi.

Lakini jiji si kijiji. Stesheni ya SGR, ambako tangu 2024 maelfu wanashuka na kupanda, Jamhuri, stendi ya Nzuguni, Soko Kuu, UDOM, ofisi za Mtumba, viwanja vya Bunge: mahali pa namna hii pana watu wengi, umeme, walinzi wa saa 24 na hospitali kubwa kwa umbali wa robo saa. Mashine ikae mlangoni kwa mlinzi, si kwa mkurugenzi. Mlinzi ndiye yupo saa tisa usiku. Na wafundishwe wengi, kwa sababu mbonyezaji mmoja huchoka ndani ya dakika mbili. Namba nazo ziandikwe ukutani hapohapo: 112 ya dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ile 115 wengi wameizoea kwa m-mama, inayosafirisha wajawazito na watoto wachanga, na inafundisha kitu kwa watu wa mashirika: pale ambapo gari la wagonjwa halipo, m-mama hutumia madereva wa jamii wanaolipwa kwa safari. Walianza na gari lililopo mtaani. Mwenye kuleta mashine za moyo naye aanze na watu waliopo mtaani.

Nilirudi kwenye ile ofisi kufuata barua ya pili. Kufuli halikuwepo tena. Pedi bado, mama akaniambia. Zimeingizwa kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha, unaoanza Julai. Wakati nasubiri akaniomba nimwonyeshe hiyo habari ya kubonyeza. Tukachukua mto wa kochi la wageni tukaulaza sakafuni. Akajifunga kitenge vizuri, akapiga magoti, akaanza, viwiko vimenyooka kuliko nilivyotarajia.

"Hii si kama kusaga uwele kwa bibi," akasema, anahema. "Kumi na nane, kumi na tisa."

Afisa utumishi akapita na faili mkononi, akasimama mlangoni. "Jamani, nani kaanguka?"

"Bado," mama akajibu, akaendelea kuhesabu.